Asilimia au kilomita: namba ipi uifuate kwenye gari la umeme?

Gari la petroli lina geji moja ya mafuta, na dereva huizoea hadi anajua taa ikiwaka bado ana mwendo gani wa kufika kituoni. Gari la umeme linakupa namba mbili. Moja ni asilimia ya chaji iliyobaki kwenye betri. Nyingine ni kilomita ambazo gari linadhani litazimudu kwa chaji hiyo. Mgeni hudhani ni kitu kimoja kilichoandikwa mara mbili, mpaka siku anaposhuka mteremko mrefu na kuona asilimia zinapungua huku kilomita zikiongezeka.

Magari mengine yanakutaka uchague. Kwenye Tesla, namba iliyo kando ya alama ya betri huwa moja tu, na unaibadilisha kwa kuigusa. BYD huonyesha zote mbili, lakini kwenye mipangilio unachagua kilomita zihesabiwe kwa kipimo cha kawaida kisichobadilika au kwa kufuata uendeshaji wako. Nissan Leaf, ambalo kwa wengi wetu ndilo gari la umeme la kwanza kulikaribia kwa sababu huja mtumba kutoka Japani, lilianza bila asilimia kabisa katika soko la Marekani. Matoleo ya 2011 na 2012 yalikuwa na mistari ya chaji na makadirio ya umbali tu. Asilimia zikaja na toleo la 2013, baada ya wenye magari kuzidai.

Nitazipima namba hizi kwa mambo matano: ukaribu wake na ukweli, tabia yake barabara inapobadilika, msaada wake wakati wa kuchaji, zinavyosema kuhusu betri iliyozeeka, na zinavyomtuliza au kumbabaisha anayeshika usukani. Nitatumia neno uniti kwa maana ya kWh 1, uniti ileile unayonunua kwa LUKU Tanzania au kwa tokeni Kenya.

Ukaribu na ukweli

Asilimia ndiyo inayokaribia zaidi kitu kinachopimika. Kompyuta ya betri huhesabu umeme unaoingia na unaotoka, huangalia volteji na joto, kisha hutoa jibu. Haijali unakwenda wapi wala nani anaendesha. Hata hivyo, nayo ni makadirio. Betri za aina ya LFP (za lithiamu, chuma na fosfeti), kama Blade ya BYD, zina volteji ambayo karibu haisogei kwa sehemu kubwa ya katikati, kwa hiyo kompyuta haina alama ya kujisahihisha na kosa dogo la hesabu hujilimbikiza. Ndiyo maana Tesla huwashauri wenye magari ya LFP wachaji hadi asilimia 100 walau mara moja kwa wiki: betri ikijaa kabisa, hesabu inaanza upya. Mtu anayechaji kidogo kidogo miezi mitatu bila kujaza asishangae asilimia 22 zikiruka ghafla hadi 15.

Kilomita ni kitu kingine. Gari linachukua umeme uliobaki na kuugawa kwa ulaji fulani, na swali lote ni huo ulaji umetoka wapi. Ni kama bando la simu: MB zilizobaki zinahesabika, lakini kama zitakufikisha jioni inategemea utasoma ujumbe au utaangalia mpira.

Hapa ndipo wengi wanapochanganya, kwa sababu kuna kilomita za aina mbili. Za kwanza hutumia ulaji wa kudumu uliotoka kwenye vipimo rasmi. Tesla hufanya hivi kwa namba iliyo kando ya betri, na BYD hufanya hivi ukichagua kipimo cha kawaida. Kilomita hizi kwa kweli ni asilimia ileile iliyozidishwa kwa namba isiyobadilika. Hazijui lolote kuhusu wewe. Za pili hujifunza kutoka kilomita chache zilizopita. Leaf hufanya hivi, na BYD pia ukichagua kipimo kinachobadilika.

Za kudumu zina udhaifu wa vipimo vyenyewe. Chukua Leaf la betri ya uniti 40, lililotoka 2017. Kwa kipimo cha Japani cha wakati ule, JC08, linakwenda kilomita 400. Kwa kipimo cha Ulaya, WLTP, ni 270. Kwa kipimo cha Marekani, EPA, ni maili 151, yaani kama kilomita 243. Gari ni lilelile na betri ni ileile. Ukisoma tangazo la kuuza linalosema 400, usimwite muuzaji mwongo. Mwulize tu namba hiyo ni ya kipimo gani. Kwa barabara zetu mimi huanzia ile ya EPA.

Barabara ikibadilika

Hiki ndicho kigezo kinachowakwamisha watu njiani, kwa hiyo nitakaa hapa zaidi.

Tuseme una Leaf la uniti 40, lenye kama uniti 36 za kutumika, na wiki nzima umekuwa ukienda kazini na kurudi ndani ya Nairobi. Gari la umeme kwenye foleni halili sana, kwa sababu likisimama injini haiungurumi. Ulaji wako umekuwa uniti 13 kwa kilomita 100. Jumamosi asubuhi betri imejaa na dashibodi inasema karibu kilomita 280. Unakwenda Naivasha, mwendo wa kilomita 90 hivi. Unajiambia utaenda na kurudi na chenji itabaki.

Kisha barabara inaanza kupanda. Kutoka Nairobi, penye mita 1,700 hivi, hadi juu baada ya Limuru unapanda zaidi ya mita 500. Gari la tani 1.8 pamoja na abiria, likipandishwa mita 600, linadai karibu uniti 3 za kuliinua tu, mbali na za kulisukuma mbele. Ukiongeza spidi ya barabara kuu, robo ya betri inaweza kuwa imeondoka katika kilomita 40 za kwanza. Kilomita za kujifunza, zilizokuwa 280, sasa zinasoma kama 120, na abiria wa mbele anaanza kuuliza maswali.

Ubaya ni kwamba namba imekosea mara mbili. Asubuhi ilitoa zaidi ya inavyostahili kwa sababu ilikumbuka foleni. Huku juu inatoa pungufu kwa sababu inakumbuka mlima, ilhali mbele yako kuna mteremko hadi Naivasha ambao utakula kidogo na hata kurudisha umeme kwenye betri kwa breki.

Je, asilimia zingekusaidia? Kwa sehemu. Asilimia 74 ukiwa juu ni 74 kweli. Lakini dereva anayepiga hesabu kichwani, kwamba robo imeliwa kwa kilomita 40 hivyo zimebaki kilomita 120, amefanya kosa lilelile la kompyuta. Asilimia haidanganyi kuhusu barabara, lakini pia haisemi kitu. Inamfaa anayejua kwamba mlima umeisha.

Mkasa mkubwa zaidi wa aina hii ni barabara ya Mombasa. Umbali ni kama kilomita 480, na tofauti ya mwinuko ni zaidi ya mita 1,600. Gari letu la tani 1.8 likitoka pwani kupanda Nairobi linahitaji takriban uniti 8 za ziada kwa sababu ya mwinuko pekee, kabla ya kuhesabu kinachopotea njiani. Hiyo ni sehemu ya tano ya betri ya uniti 40. Anayetumia uzoefu wa kushuka kupanga vituo vya kupanda atakaukiwa kabla ya kituo. Na hilo halitegemei namba ipi anaiangalia.

Spidi nayo ina hesabu yake. Ukinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa spidi: kutoka 80 hadi 110 kwa saa, nguvu ya kupasua hewa inakaribia mara mbili. Hapa kilomita za kujifunza zina faida ya wazi, kwa sababu baada ya mwendo fulani zinaanza kukuonya kwamba spidi hii inakumaliza. Punguza hadi 85, nazo zinaacha kuporomoka. Ni mwalimu mzuri. Asilimia hushuka polepole mno kumfundisha mtu katika safari moja, na kilomita za kudumu hazimfundishi kitu zaidi ya asilimia.

Kiyoyozi kinasumbua hesabu kwa namna nyingine. Ukikwama saa mbili kwenye foleni ya Dar es Salaam huku AC ikila kama kilowati 1, umetumia uniti 2 bila kusogea. Asilimia itaonyesha hasara hiyo kama ilivyo. Kilomita za kujifunza zinaweza kuchanganyikiwa, maana ulaji kwa kilomita unapanda sana wakati kilomita hazipo. Ndugu walioko Minnesota au Ulaya wana adui mwingine, baridi, inayopunguza umbali kiasi kwamba Januari 2023 tume ya ushindani ya Korea Kusini iliitoza Tesla faini ya won bilioni 2.85 kwa kutowaambia wateja jinsi umbali unavyopungua wakati wa baridi. Kwetu pwani hilo si tatizo; joto lina deni lake, tutalifikia.

Magari yenye ramani inayohesabu milima yanatatua sehemu kubwa ya haya. Ramani ya Tesla hukupa makadirio ya kufika kwa asilimia: utafika ukiwa na 18, kwa mfano. Tesla wenyewe, wakitaka kuwa makini, wanarudi kwenye asilimia.

Wakati wa kuchaji

Hapa asilimia ina nafasi kubwa na sioni haja ya kuzunguka. Chaja ya haraka huandika asilimia na uniti kwenye kioo chake. Kasi hushuka ukikaribia 80, kwa hiyo swali la kusubiri au kuondoka huulizwa kwa asilimia. Nyumbani, asilimia 10 za betri ya uniti 40 ni uniti 4, na kwa soketi ya kawaida inayotoa kama kilowati 2 hiyo ni saa mbili na ushee. Ukijua bei ya uniti unajua na shilingi.

Kilomita zina faida moja: zinajibu swali la mtu asiyependa hesabu. Kesho nina mwendo wa kilomita 60, nikiona 120 nachomoa waya nalala. Kwa matumizi ya mjini hilo linatosha kabisa.

Betri ikizeeka

Asilimia ina siri moja ambayo mnunuzi wa gari la mtumba lazima aijue: ni asilimia ya kilichobaki, si ya kilichokuwapo siku gari lilipotoka kiwandani. Leaf la zamani la uniti 24 lililopoteza robo ya uwezo wake bado litaandika 100 likijaa. Dalali atakuonyesha hiyo 100 kwa kujiamini, na hatakuwa amesema uongo.

Leaf lina mistari 12 midogo pembeni ya geji, inayoonyesha afya ya betri na siyo chaji. Mstari wa kwanza hupotea betri ikiwa imepoteza karibu asilimia 15, na inayofuata hupotea kwa hatua ndogo zaidi. Ukiona mistari 9, zaidi kidogo ya robo imekwenda. Katika gari kama hilo, asilimia 1 inaweza kuwa kilomita 1 tu, wakati kwenye gari jipya la uniti 60 ni kilomita 3 hadi 4. Kwa hiyo rafiki yako mwenye BYD akikuambia asilimia 30 zinamtosha kwenda na kurudi, usichukue ushauri huo na Leaf lako.

Na joto ndilo linalodai deni hapa. Leaf la vizazi viwili vya kwanza, yaani haya ya mtumba, halina mfumo wa kupoza betri kwa maji. Mwaka 2012 wenye Leaf wa Arizona, jimbo la joto kali Marekani, walilalamika kwamba mistari inapotea mapema mno, na Nissan ikaongeza dhamana ya uwezo wa betri. Anayeliegesha juani Mombasa au Tanga likiwa na chaji kamili siku nzima ayakumbuke hayo.

Kilomita za kujifunza zinasema ukweli zaidi kuhusu uzee, kwa kuwa zinaanzia kwenye umeme uliopo: betri iliyochoka iliyojaa itaonyesha 90 badala ya 140. Lakini zinapambika. Gari likizungushwa taratibu kwa spidi ya 40 siku mbili kabla hujalijia, namba itanenepa. Kwa hiyo asilimia huficha uzee, kilomita huonyesha uzee na kuficha uendeshaji. Kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani pamoja na programu ya simu kama Leaf Spy kitakusomea afya yenyewe, kwa hiyo mwombe fundi anayeshughulika na magari haya.

Jambo dogo la pembeni: gari lililotoka Uingereza linaweza kusoma maili. Ukiona 100 ukadhani ni kilomita, una bahati, maana ni 161. Tatizo huja ukilirudia lile la Japani ukiwa na mazoea hayo.

Utulivu wa dereva

Kuna watu ambao namba inayorukaruka huwanyima raha. Wakiona kilomita 15 zimepotea kwenye mlima wa kilomita 3, wanazima AC, wanafungua vioo, safari inakuwa adhabu. Hao asilimia inawafaa, kwa sababu hushuka kwa utaratibu. Wengine ni kinyume: asilimia 35 haiwaambii kitu, ila kilomita 80 wanazielewa.

Gari linaloendeshwa na zaidi ya mtu mmoja ni hali nyingine. Kijana akirudi nalo usiku baada ya kulikimbiza, asubuhi mama anakuta kilomita zimekonda ingawa limechajiwa usiku hadi asilimia zilezile za jana. Namba imerithi mguu wa mtu mwingine. Asilimia hairithi.

Mwisho wa betri nao unastahili kutajwa. Leaf likikaribia kuisha huacha kuonyesha kilomita na kuweka vistari tu. Baadaye huwasha alama ya kobe na kupunguza nguvu. Unapoihitaji namba zaidi, haipo. Asilimia nazo huwa na mashaka zikiwa chini kabisa, kwa hiyo kwa vyovyote vile usipange kufika na chini ya 10.

Uchague ipi, kwa hali yako

Kama mwendo wako ni uleule kila siku na betri ni nzima, weka kilomita na usijisumbue. Unguja nzima ina urefu wa kama kilomita 85 na haina milima ya kutisha. Anayeishi Mjini na kufanya kazi Nungwi au Paje hana sababu ya kubishana na dashibodi.

Kama unabeba abiria kwa programu ya teksi, safari huja kwa kilomita na unahitaji jibu la haraka, kwa hiyo kilomita za kujifunza zinakufaa mchana. Weka hata hivyo kikomo cha asilimia cha kurudi kwenye chaja, tuseme 20, ambacho huvunji hata mteja akiwa mzuri.

Kwa safari ndefu yenye milima, asilimia pamoja na ulaji. Karibu magari yote yana ukurasa unaoonyesha ulaji, kwa uniti kwa kilomita 100 au kwa kilomita kwa uniti, na ukurasa huo una thamani kuliko namba zote mbili ukiwa njiani. Andika kabla ya kuondoka asilimia unazotaka kuwa nazo kila mji. Kutoka Moshi kwenda Arusha, kwa mfano, ni kilomita 80 tu, lakini unapanda kama mita 600. Kurudi ni nafuu zaidi.

Ukiwa ndiyo kwanza unajifunza kuendesha gari la umeme, tumia kilomita za kujifunza kwa miezi miwili ya mwanzo, kwa sababu zitakuonyesha gharama ya spidi kuliko mtu yeyote. Ukishaijua, hamia kwenye asilimia.

Gari la familia lenye madereva watatu: asilimia. Vinginevyo mtalaumiana.

Na kama bado hujanunua, usiamini hata moja kati ya namba zilizo kwenye kioo wakati unalikagua. Omba betri ijazwe, weka kihesabu safari sifuri, endesha kilomita 30 kwenye barabara unayoitumia wewe kwa spidi yako na AC ikiwaka, kisha gawa kilomita kwa asilimia zilizotumika. Ukipata 2 au zaidi kwa kila asilimia kwenye Leaf la uniti 40, betri bado ina nguvu. Ukipata 1.3, hesabu mistari tena, kisha mjadili bei.